Namna ya kumkaribia mwandishi umpendaye bila kumkimbiza

Siku ya kwanza kukutana na mwandishi ninayempenda kuliko wote, nilibeba vitabu vyake tisa kwenye begi langu la kazi. Chini kulikuwa na bisibisi na koleo, juu kabisa mswada wangu mwenyewe wa kurasa 212. Nilipofika mezani nikaanza kumsimulia jinsi riwaya yake ya pili ilivyonishika mkono mwaka niliofiwa na baba. Nikaongea weee! Yeye anatabasamu, anasaini, anasaini tena, huku macho yakiruka bega langu kuangalia foleni. Nilipochomoa ule mswada, tabasamu lilizimika. "Samahani ndugu yangu, huu siwezi kuupokea." Nilimnunia wiki mbili, yeye hana hata habari kwamba amenuniwa.

Leo huyo mama ni rafiki yangu. Imechukua miaka sita, na karibu kila nilichofanya mwaka wa kwanza kilikuwa makosa. Mimi ni fundi umeme, si mtu wa fasihi, kwa hiyo nitaeleza kifundi.

Kwanza elewa waya unapita wapi. Wewe unamjua, yeye hakujui. Umekaa na sauti yake usiku kucha, umelia naye, umemtetea mbele ya watu waliosema anaandika maneno mengi. Kwake wewe ni uso mmoja kati ya nyuso nyingi za jioni ile. Ukifika na mapenzi ya miaka kumi na kuyamwaga yote kwa dakika moja, unamtwisha mzigo ambao hajui aushike wapi. Kazi yako si kumweleza unavyompenda. Kazi yako ni kumpa nafasi ya kukujua, kidogo kidogo.

Kabla ya kwenda, soma upya. Soma na kile kitabu chake ambacho hakikuuzwa, maana mara nyingi ndicho anachokionea uchungu na hakuna anayemuuliza habari zake. Tafuta pia mahojiano aliyokwisha kufanya. Swali la "unapata wapi mawazo yako" ameshalijibu mpaka limemchosha, na ukimuuliza atakupa jibu la kwenye kopo.

Chagua mkutano mdogo. Kwenye uzinduzi mkubwa wa kitabu kila mtu anamvuta upande wake: mchapishaji, waandishi wa habari, jamaa zake. Nenda kwenye kikao cha usomaji au mjadala ambao yeye ni mmoja wa wazungumzaji watatu. Wakati wa maswali, uliza swali. Nasema swali, si hotuba yenye alama ya kuuliza mwishoni. Sentensi mbili, kisha kaa.

Kwenye foleni ya kusaini, beba kitabu kimoja, viwili vikizidi. Andika jina lako kwenye kipande cha karatasi ukichomeke kwenye ukurasa wa kusainiwa, asipoteze muda kuuliza linaandikwaje. Simama mwisho wa foleni. Ni kweli atakuwa amechoka, lakini hakuna mtu nyuma yako anayekohoa. Mwambie jambo moja tu, na liwe dogo: ukurasa fulani, mhusika fulani, sentensi uliyoipigia mstari. Nakala yangu ya riwaya ile ya pili imegandishwa gundi mgongoni na pembezoni imejaa penseli. Mara ya pili niliiweka mezani bila kusema neno, naye akaifungua mwenyewe, akasoma nilichoandika. Kitabu kilichochakaa kinakusemea vizuri kuliko mdomo.

Na mswada uache nyumbani! Nilidhani ni maringo, kumbe waandishi wengi wanakataa kwa sababu ya msingi. Akiusoma wako, halafu miaka mitatu baadaye yeye akatoa hadithi inayofanana nao, unaweza kusema amekuibia. Kukataa ni kinga.

Sasa barua. Hapa ndipo urafiki wangu ulipoanzia, kwa hiyo vumilia nikirefusha.

Katika riwaya yake ya nne kuna fundi anayezima swichi kuu, anapanda ngazi kubadilisha kishikio cha balbu, anapigwa na umeme, anakufa. Niliposoma nilicheka kwa uchungu. Swichi kuu ikishazimwa, umeme huo umetoka wapi? Nikamwandikia ukurasa mmoja kupitia kwa mchapishaji wake, maana anwani ya nyumbani ya mtu haitafutwi, hata kama unajua pa kuuliza. Nilianza na mistari miwili ya shukrani. Kisha nikamweleza kosa, na namna ya kulitengeneza bila kumfufua marehemu: kuwe na jenereta uani, imechomekwa kwenye soketi ya nyumba. Mtu akiiwasha, umeme unaingia kwa mlango wa nyuma na nyaya zote zinapata moto, hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Sikuomba jibu wala kukutana. Niliweka jina na anwani yangu, basi.

Miezi minne kimya. Kimya hicho usikifanyie tafsiri. Barua inayopitia kwa mchapishaji inaweza kulala mezani kwa mtu muda mrefu, na mwandishi aliye katikati ya kitabu huenda hafungui barua kabisa. Usitume ya kukumbushia. Nilitamani sana kutuma. Nikajizuia kwa kupaka rangi ukuta ambao haukuhitaji rangi.

Jibu lilipokuja lilikuwa mstari mmoja: "Na huyo aliyewasha jenereta, angeweza kujua kwamba kuna mtu ameshika waya?"

Nilikaa chini. Mimi nilimpa marekebisho, yeye akaona mauaji. Nikamjibu kwa urefu uleule, mistari michache. Huo ndio utaratibu ninaokushauri: akiandika mstari, usimrudishie kurasa sita. Akitulia, nawe tulia.

Kuna watu wawili wa zamani ninaowakumbuka katika mambo haya. James Boswell, kijana wa Uskoti, alikutana na Samuel Johnson, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, jijini London mwaka 1763, Boswell akiwa na miaka 22. Johnson alimrushia kijembe cha asili yake ya Uskoti mbele ya watu. Boswell alimeza, akasubiri siku chache, akaenda kumtembelea kwa adabu. Walikuwa marafiki mpaka Johnson alipofariki mwaka 1784. Wa pili ni Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto wa Denmark, aliyekwenda kukaa kwa Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, mwaka 1857. Ilitarajiwa akae wiki mbili hivi, akakaa tano. Alipoondoka, Dickens aliandika kwenye kioo cha chumba kwamba kwa familia wiki hizo zilikuwa kama karne, na baadaye akaacha kumjibu barua. Andersen naye alikuwa mwandishi mkubwa! Jina halikumsaidia.

Akishakufungulia mlango, linda anachokupa. Ujumbe wake usiupige picha na kuutembeza mtandaoni. Namba yake usimpe mtu, hata binamu yako anayeandika mashairi. Usimuulize kama mume katili wa riwaya ya tatu ni mume wake wa zamani. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na akisema hujasikia.

Jambo lililonitisha zaidi ni siku aliponiuliza nimekionaje kitabu chake kipya. Kilikuwa kimenichosha. Nilizunguka, nikasifu jalada. Akasema, "Fundi, jalada sikulichora mimi." Nikamwambia kweli: sura za katikati zinajirudia, na yule dada mdogo anapotea bila sababu. Alinyamaza siku tisa, nikajua nimeukata uzi. Siku ya kumi akanipigia kuulizia bei ya nyaya. Tangu hapo tunazungumza habari za magoti yake, wanangu, na paa lake linalovuja, vitabu mara mojamoja tu. Ukimgeuzia kila salamu kuwa mahojiano, utabaki kuwa msomaji wake.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe saa tano usiku: mtu akikata ule waya unaokwenda ardhini, taa za nyumba zitazimika? Nikamjibu hapana, zitaendelea kuwaka kama kawaida, wala wenye nyumba hawatajua. Akaandika, "Vizuri." Hajaniambia anayekata ni nani.