Bata mzinga aliyejeruhiwa na mbwa, paka au kicheche: namna ya kumtibu

Ukimkuta bata mzinga wako ameng'atwa, usikimbilie dawa. Wengi hufa usiku ule ule kwa mshtuko, kidonda hakijapata hata nafasi ya kuoza.

Vaa glavu kwanza. Mate ya mbwa, paka au kicheche yaliyobaki kwenye manyoya yanaweza kuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Yakikugusa penye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbebe ndege kwa kumkumbatia, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini. Kumning'iniza kwa miguu kunamuongezea majeraha.

Panapotoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 5 mfululizo bila kuchungulia, maana kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kwa ndege wa kilo 5, kupoteza zaidi ya mililita 50, yaani kama vijiko vitatu vya chakula, ni hatari. Akiwa amepauka kichwani na miguu imepoa, muweke kwenye boksi lenye matandazo makavu, mahali penye giza na kimya, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo ubavuni.

Akichangamka ndipo umpe maji: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai. Chovya ncha ya mdomo wake anywe mwenyewe. Ukimmiminia, maji yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, kwa kuwa tundu lake liko nyuma tu ya ulimi.

Sasa kidonda. Kata manyoya yanayokizunguka kwa mkasi. Ukiyang'oa utachana ngozi. Chemsha maji lita 1, tia chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai (gramu 9 hivi), yaache yawe vuguvugu, kisha suuza kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano mpaka uchafu wote utoke. Kidonda kilichotoboka kifuani au tumboni usikipulizie maji kwa nguvu: mifuko ya hewa iko chini yake, na maji yakiingia humo ndege atazama. Malizia na iodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai nyepesi isiyo na maziwa. Spiriti, majivu na oili chafu huunguza au kuchafua nyama inayojaribu kupona.

Mchaniko mkubwa wa mgongoni hutisha macho, lakini mara nyingi hupona. Cha kuogopa zaidi ni tundu dogo la jino la paka. Mdomoni mwa paka huwemo bakteria wa Pasteurella, jamii ile inayoleta kipindupindu cha kuku, na bakteria hao huwaathiri bata mzinga zaidi kuliko kuku. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Antibiotiki ya kuchanganya kwenye maji haifai hapa, kwani mgonjwa anakunywa kidogo na hapati dozi kamili. Tundu la meno lisishonwe, litafungia uchafu ndani. Usaha wa ndege hauchuruziki, hugeuka donge gumu la njano linalobidi kuondolewa. Kwa maumivu, daktari anaweza kumpa meloksikamu. Diklofenaki usimpe kabisa, huharibu figo za ndege.

Funika boksi kwa chandarua, kwa sababu nzi hutaga kidondani ndani ya saa chache, na kague asubuhi na jioni. Mpe yai la kuchemsha lililopondwa na chakula chenye dagaa. Bawa likivunjika, lifunge limekunjwa ubavuni kwa bandeji, lakini usibane kifua: ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari.

Chakula kikivujia nje kwenye gole (mfuko wa chakula chini ya shingo) lililochanika, kunahitajika daktari wa kushona. Utumbo ukiwa umetoka na umechanika, au miguu yote miwili ikiwa imepooza, kumchinja mapema ni huruma.

Usimrudishe kwa wenzake kidonda kikiwa bado chekundu, watamdonoa. Subiri kikauke na manyoya yaanze kuota, halafu mwingize jioni wakati wamekwisha kutulia kulala. Kama alipewa antibiotiki, nyama na mayai yake yasiliwe mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye chupa.