Somo: Kujua meli iko wapi kwa sin na cos

Wakuu leo tupige hesabu ya kujua meli iko wapi baada ya kubadili uelekeo, unahitaji dira, umbali na kalkuleta basi. Ila kabla ya yote shikeni hili maana ndipo wengi wanapopotea: baharini nyuzi zinaanzia kaskazini (000) zinazunguka kama mshale wa saa, mashariki 090, kusini 180, magharibi 270.

Hatua 1: Chora. Usiruke, mchoro ndio utakaokuambia jibu lako lina akili au la.

Hatua 2: Tuseme meli imetoka bandarini maili 40 uelekeo 060, ikageuka ikaenda maili 30 uelekeo 150. Kila kipande kigawe sehemu mbili, kaskazini ni umbali × cos ya uelekeo, mashariki ni umbali × sin ya uelekeo.
Cha kwanza: kaskazini 20, mashariki 34.64
Cha pili: kaskazini -25.98, mashariki 15
Hiyo hasi maana yake imeshuka kusini.

Hatua 3: Jumlisha, unapata kaskazini -5.98, mashariki 49.64.

Hatua 4: Umbali kutoka bandarini ni Pythagoras, unapata maili 50. Uelekeo ni tan kinyume (tan⁻¹ kwenye kalkuleta) ya mashariki gawa kwa kaskazini, inakuja kama 097. Kurudi jumlisha 180, yaani 277.

MASWALI

Swali: Mkuu mbona darasani cos ni ya mlalo, hapa umeipa kaskazini?
Jibu: Kwa sababu darasani pembe inaanzia mstari wa mlalo, hapa inaanzia kaskazini, kwa hiyo upande unaopakana na pembe ni wa kaskazini. Kanuni ni ileile.

Swali: Kalkuleta yangu inaleta -83, nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea ndugu, yenyewe haijui uko robo ipi. Kaskazini ikiwa hasi jumlisha 180, kaskazini ikiwa chanya na mashariki hasi jumlisha 360. Ndo maana nikasema chora.

Swali: Hizo maili nazigeuzaje kuwa latitudo na longitudo?
Jibu: Maili ya baharini (mita 1852) ni kama dakika moja ya latitudo (dakika hapa ni nyuzi moja gawa kwa 60, si ya saa), hiyo rahisi. Za mashariki gawa kwanza kwa cos ya latitudo uliyopo, kwa sababu mistari ya longitudo inabanana ukielekea ncha za dunia, kwenye latitudo 60 maili moja tayari ni dakika 2 za longitudo. Ila safari ya kuvuka bahari nzima hii njia haitoshi, pale unatumia trigonometria ya tufe.