SOMO: Kutoa uchafu wa tangi la choo la boti kwa pampu ya kubeba

Assalaam alaykum. Naandika haya mara moja ili nipate pa kumwelekeza kila anayenipigia simu, maana swali ni lilelile: boti ina choo, tangi limejaa, hapa Nungwi hakuna gati lenye mashine ya kunyonya, nifanye nini? Jawabu ni pampu ndogo ya betri, mpira mrefu, na karo, yaani shimo la maji machafu, lililojengwa sawasawa nchi kavu. Atakayeuliza jambo ambalo limo humu nitamrudisha akasome.

Karo kwanza, pampu baadaye. Wengi wananunua pampu kisha ndipo wanatafuta pa kumwaga. Huku kaskazini na mashariki ya Unguja tumekaa juu ya jiwe la matumbawe. Udongo ni kidogo, jiwe lina matundu na mapango, na maji yanapita bila kuchujwa. Ukimwaga kwenye karo lisilo na sakafu, uchafu unashuka mpaka kwenye maji ya visima, na maji hayo ndiyo yanayotokea ufukweni yanapokupwa. Basi muulize mwenye karo: lina sakafu ya zege? Limepigwa lipu ndani? Linanyonywa na gari likijaa? Likikosa moja katika hayo, tafuta jengine. Mlipe mwenyewe, na muagane kabisa kabla hujavuta mpira.

Vifaa: pampu ya kusaga ya volti 12 (ile yenye visu mdomoni, inayosaga kinyesi na karatasi), mpira mgumu wa inchi moja na nusu upande wa kunyonya, mpira wa inchi moja upande wa kutoa, klipu za chuma kisichoshika kutu, waya mnene wa milimita za mraba 6, fyuzi ya ampia 20, kamba, ndoo, glavu ndefu. Waya mwembamba unakula umeme njiani, pampu inazunguka kivivu na kukwama. Watu wanasema pampu mbovu kumbe waya.

1. Chagua maji. Fanya kazi hii bamvua (siku za mwezi mpya au mpevu, maji yanapopanda sana), maji yakijaa. Siku hizo huku hujaa kiasi cha saa kumi, na ya alasiri ndiyo nzuri kwa kazi maana unaona unachofanya. Bamvua letu linapanda na kushuka kiasi cha mita 4, na pampu ndogo inaihisi kila mita. Maji yakijaa boti inasogea karibu na inakaa juu, mpira unakuwa mfupi na mlima mdogo. Maji yakikupwa boti imelala mchangani chini kule na karo liko juu huku. Pampu italia tu bila kusukuma kitu.

2. Zima injini, zima jiko, na mtu asivute sigara. Hewa ya tangi inawaka.

3. Vaa glavu, miwani na viatu vya kufunika. Nguo za kazi hii ziwe mbali na nyengine, ni najisi, na alasiri haiko mbali na magharibi.

4. Kagua tundu la hewa la tangi. Chumvi inaliziba, na nyigu wanapenda kujenga humo. Likiziba, pampu inanyonya na hewa haiingii, basi tangi la plastiki linabonyea ndani na kupasuka kwenye kona. Puliza kwa mpira wa hewa, au chokoa kwa waya laini.

5. Ongeza ndoo mbili za maji chooni, wacha boti iyumbe nusu saa. Uchafu mzito ulioganda chini unalainika.

6. Funga mpira wa kunyonya kwenye koki ya tangi, klipu mbili kila kiungo. Koki ibaki imefungwa.

7. Upande wa karo. Hapa ndipo kazi iliponiharibikia mwanzo, na ndipo inapowaharibikia wengi, kwa sababu kila mtu amesimama kwenye pampu na hakuna aliyesimama kwenye ncha ya pili. Pampu ikiwaka, kwanza inatoa hewa iliyomo mpirani. Mpira unaonekana umelala kimya. Halafu uchafu unafika kwa kishindo, ncha inaruka nje ya tundu na kucheza kama nyoka aliyekanyagwa, na mpaka aliyeko botini azime, ua mzima umerowa. Kwa hiyo: ingiza ncha ndani ya bomba la karo urefu wa mkono mzima. Ifunge kamba pahala pawili, kwenye bomba lenyewe na kwenye kitu kizito kisichosogea, jiwe au mti. Zungushia kitambaa kibichi mdomoni kuzuia marusho, lakini usizibe kabisa, karo nalo linahitaji kutoa hewa. Weka mtu mzima pale, si mtoto, na asiondoke hata kwa kupokea simu. Kubalianeni ishara za mikono, maana upepo wa kusi hauwaachi mkasikilizana: mkono juu washa, mikono miwili zima.

Tahadhari tatu za hatua hii. Usiingize ncha kwenye bomba la jikoni wala mtaro wa mvua, hata mwenye nyumba akikwambia yote yanakwenda pamoja. Funua chemba uone kwa macho. Usiinamishe kichwa ndani ya karo, na kitu kikianguka humo kiache. Watu wamekufa wakifuata ndoo ndani ya karo, na waliowafuata kuwaokoa wakafa pia; hewa ile inaangusha mtu kwa pumzi chache. Tatu, pampu ikizimwa mpira bado umejaa: mpira wa inchi moja wenye mita 20 unabeba kiasi cha lita 10, na kwa kuwa karo liko juu, zote zinarudi kwenye boti. Funga koki kabla ya kufungua kiungo chochote.

8. Fungua koki, kisha washa. Sikiliza sauti. Ikiwa nzito inafanya kazi. Ikigeuka nyembamba na kali, tangi limekwisha au inanyonya hewa: zima hapo hapo. Impela, yaani lile gurudumu laini la ndani ya pampu linalosukuma, ikizunguka kavu inaungua haraka. Usiiendeshe zaidi ya dakika kumi mfululizo, ipoe. Ikikwama, chomoa waya kwenye betri kwanza ndipo utie mkono. Visu havijui kidole.

9. Suuza: ndoo tatu za maji tangini, pampu tena, mpaka yanayotoka kule yawe meupe.

10. Funga koki, inua mpira kuanzia upande wa boti ukimalizia kwenye karo, anika juani. Paka ncha zake rangi nyekundu ili usije ukachanganya na mpira wa maji ya kunywa.

MASWALI

Ngalawa_Mpya: Pampu gani nzuri na mpira inchi ngapi?

Mwandishi: Soma aya ya vifaa.

Ngalawa_Mpya: Nimesoma haraka fundi. Sasa mimi nina pampu ya kisima ya umeme wa nyumbani, nikivuta waya kutoka hotelini si itafaa?

Mwandishi: Hapana. Umeme wa volti 230 juu ya mchanga uliorowa maji ya chumvi, na wewe umesimama humo hadi magotini, ni mauti. Tena pampu ya kisima haisagi, karatasi ya kwanza itaiziba. Rudi ukasome polepole.

Mkuki_wa_Kusi: Mnajisumbua bure. Bahari kubwa, na sheria ya kimataifa inaruhusu kumwaga ukishapita maili 3. Sisi tunamwaga tukienda kisiwa cha Mnemba na hakuna aliyekufa.

Mwandishi: Yakhe, imalize hiyo sheria. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia uchafu wa meli, unasema maili 3 za bahari ni kwa uchafu uliosagwa na kuuliwa vijidudu kwa mtambo ulioidhinishwa. Uchafu mbichi ni zaidi ya maili 12, chombo kikiwa mwendoni, mwendo usiopungua noti 4, yaani maili 4 za bahari kwa saa. Na sheria hiyo imeandikiwa meli za safari za kimataifa, si ruhusa ya boti za matembezi. Mnemba haifiki maili 3 kutoka Unguja, na ni eneo la hifadhi. Unamwaga pale pale wanapozamia wageni wako na wanapovua jamaa zako.

Mkuki_wa_Kusi: Sawa, nimeuliza tu.

Mwandishi: Hukuuliza, ulisema. Lakini ukitaka karo la kumwagia njoo nikuonyeshe, karibu.

Bint_Matemwe: Samahani kaka, mimi si baharia, nafanya kazi kwenye boti ya wageni. Mbona choo chetu kinanuka yai viza hata tangi likiwa limetoka kusafishwa? Cha hotelini hakinuki hivyo.

Mwandishi: Swali zuri dada. Choo chenu bila shaka kinavuta maji ya bahari. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na yakikaa bila hewa, bakteria wanaigeuza ikawa ile gesi ya yai viza. Pia vidudu vidogo vya baharini vinakufa ndani ya mpira na kuoza. Dawa ni mbili: kabla ya kulaza boti, vuta maji baridi, yasiyo ya chumvi, mpaka yajae mpira wote, na hakikisha tundu la hewa liko wazi, tangi likipumua harufu inapungua. Mkiweza kutumia maji baridi wakati wote ndiyo bora, ila najua maji kwenu ni ya kununua.

Bint_Matemwe: Na tukitia jiki?

Mwandishi: Usitie. Jiki ikikutana na mkojo inatoa gesi inayochoma kifua, na ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi inatoa klorini, mbaya zaidi. Halafu jiki yote hiyo unakwenda kuimwaga kwenye karo la mtu, inaua bakteria wanaolifanya karo lifanye kazi.

Fundi_Mkokotoni: Nyongeza kwenye hilo la siki. Mpira wa choo cha maji ya bahari unajenga ganda jeupe ndani, mkojo na chumvi vinagandana mpaka tundu linabaki la kidole. Mimi natia siki peke yake jioni, nailaza usiku kucha, asubuhi navuta maji mengi. Ganda linalainika.

Mwandishi: Ahsante fundi, kweli kabisa. Neno "peke yake" wasiliruke.

Koasta_ya_Mzee: Mimi sina boti. Nimeigeuza Koasta kuwa gari la kulala, ina tangi la choo na jengine la maji ya jikoni na ya kuogea. Pampu hii itanifaa?

Mwandishi: Itakufaa sana, na kazi yako ni nyepesi kuliko yetu kwa sababu gari halisubiri maji kujaa. Mambo mawili. Anza na tangi la choo, ukimaliza ndipo ufungue la jikoni na kuogea. Maji yale yenye sabuni yatakusuuzia pampu na mpira. Na koki ya tangi la choo iache imefungwa siku zote mpaka tangi likaribie kujaa. Ukiiacha wazi, maji yanatangulia, kinyesi kinabaki chini kinajenga kichuguu, na kichuguu hicho hakuna pampu itakayokivuta. Hapo karo likiwa chini kuliko gari huhitaji hata pampu, mpira mpana wa inchi tatu na mteremko vinatosha.

Mpemba_wa_Wete: Huku kwetu safari za kisiwa cha Misali, kiboti kidogo, choo ni cha ndoo yenye tangi chini, lita 20 hivi. Pampu ya betri naiona kubwa.

Mwandishi: Kubwa kweli. Lita 20 zibebe kwa mkono: funga tangi, libebe limesimama, limwage kwenye choo cha nyumbani taratibu, suuza. Kama ni zito, kuna pampu ya mkono ya diaframu (ngozi ya mpira inayovutwa na kusukumwa), haihitaji betri na haiungui ikinyonya hewa. Kama unafikiria kujenga choo kisiwani, angalia walivyofanya kisiwa cha Chumbe: vyoo vyao ni vya mboji, havivuti maji, na hakuna bomba linalokwenda baharini.

Mpemba_wa_Wete: Diaframu ikichanika nitajuaje?

Mwandishi: Mkono unakuwa mwepesi ghafla, na unaona unyevu chini ya kifuniko. Nunua mbili, ya akiba uiweke kwenye kivuli. Jua linaila hata kabla hujaitumia.

Fundi_Mkokotoni: Na wale nyigu wa tundu la hewa, funikeni kwa wavu wa shaba. Wa plastiki wanautafuna.

Mwandishi: Wavu wenye matundu makubwa kidogo. Mwembamba sana unazibwa na chumvi, utarudi kwenye hatua ya 4.