Ukinunua tofu mara ya kwanza, ikamue maji kabla ya kukaanga

Wenzangu wa Kisumu mnaotaka kujaribu tofu, anzeni na ile ngumu. Ile laini huvurugika ukiigusa tu na mwiko.

Jambo kubwa ni maji. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwa hiyo imejaa maji, na ukiitupa hivyo kwenye mafuta moto itaruka, itanata kwenye kikaango, na ndani ibaki chapwa. Mimi yangu ya kwanza iliharibika kabisa kwa sababu hiyo. Ifunge kwa kitambaa safi, iweke kwenye sahani, kisha juu yake weka sufuria yenye maji. Iache nusu saa. Utashangaa maji yatakayotoka!

Ikate vipande vinene kiasi, nyunyizia chumvi na unga kidogo wa mahindi, halafu kaanga kwa mafuta yaliyopata moto sawasawa. Usiigeuzegeuze. Subiri upande wa chini uwe wa kahawia, utaachia wenyewe.

Tofu haina ladha yake, hufuata mchuzi. Kwa hiyo kaanga kitunguu, saumu, tangawizi na nyanya mpaka zirojeke vizuri, ndipo utumbukize vipande mwishoni, dakika 5 tu, na dhania juu. Kwa ugali wa moto na sukuma wiki, nyumbani kwangu hata watoto huomba tena.

Iliyobaki ambayo hujapika, ifunike na maji safi kwenye friji, ubadilishe maji kila siku.