Ndumilakuwili ni wa nani? Jinsi ya kujenga nadharia ya jasusi katika Detective Conan

Tahadhari kwanza: Detective Conan ni manga (hadithi ya michoro) na anime ya upelelezi kutoka Japani; kama hujamaliza kisa chake cha Scarlet, episodi 779 hadi 783 kwa hesabu ya Japani, ishia hapa. Humu nafichua karibu kila kitu. Na nasema hesabu ya Japani kwa sababu matoleo ya nje huzikata zile episodi ndefu vipande vipande, namba zikaachana.

Kila wiki kuna anayekuja na "ushahidi" kwamba fulani wa lile Shirika la nguo nyeusi, genge la wahalifu ambalo wanachama wake huitwa kwa majina ya vileo, ni mtu wa polisi, na ushahidi wenyewe ni jinsi alivyotabasamu. Tutafanya kazi vizuri zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Tenganisha mwajiri, lengo na deni.
Chukua daftari, andika jina la mhusika, kisha ujibu maswali matatu: nani anamtuma, anataka nini yeye mwenyewe, na ana deni kwa nani. Wengi hujibu la kwanza tu na kudhani wamemaliza. Mtazame Bourbon, jasusi aliyejipenyeza ndani ya Shirika. Anatumwa na usalama wa polisi wa Japani, jina lake halisi Furuya Rei, na pale mgahawani Poirot wateja wanamjua kama Amuro Tooru. Mwajiri wake hana utata tena. Lakini kwa muda mrefu nusu ya nguvu zake zilikwenda kumwinda Akai Shuichi wa FBI, mtu ambaye kwenye karatasi wako upande mmoja. Ukisoma mwajiri peke yake, hutaelewa kwa nini anamkaba mshirika wake.

Hatua ya 2: Andika nani anajua nini, na tangu lini.
Hapa ndipo kazi ilipo, usipaharakishe. Chora jedwali: wahusika upande mmoja, siri upande mwingine, na ndani yake tukio ambalo siri ilimfikia kila mmoja.

Jizoeze na kifo cha Scotch. Scotch, yaani Morofushi Hiromitsu, alikuwa polisi wa siri wa Tokyo na rafiki wa Furuya tangu utotoni. Shirika linamgundua, anakimbilia juu ya jengo, na anayemfikia kwanza ni Rye, mwanachama mwenzake. Wanavutana, Scotch anapata bastola ya Rye, anataka kujiua. Rye anaishika silinda isizunguke na kumwambia ukweli: mimi ni Akai wa FBI, nitakutorosha. Scotch anaanza kulegea. Ghafla hatua za mtu zinapanda ngazi mbio. Akai anageuka, mkono unalegea, na Scotch anajipiga risasi ya kifua, palepale simu ilipo mfukoni, ili majina ya ndugu na wenzake yasisomwe. Aliyekuwa anapanda ngazi ni Furuya, anakuja kumwokoa.

Sasa jaza jedwali. Scotch alikufa akijua kwamba Rye ni FBI, lakini hakujua hatua zile ni za nani. Akai hakujua kwamba huyu Bourbon naye ni polisi, ndiyo maana alijitangaza kuwa muuaji ili kulinda kazi yake. Furuya aliona maiti, damu, na mtu anayejisifu. Majasusi watatu, wote wanalipinga Shirika, na hakuna aliyekuwa na picha kamili. Bila jedwali, chuki ya Amuro inaonekana ya kulazimishwa. Ukiwa nalo, ni lazima ingezaliwa.

Hatua ya 3: Tia alama penye mashahidi.
Jasusi akifanya jambo mbele ya Gin, muuaji wa Shirika, huo ni mchezo wa jukwaani mpaka ithibitike vinginevyo. Kir, mtangazaji wa televisheni Mizunashi Rena, ambaye kumbe ni Hondou Hidemi wa CIA, aliamriwa amuue Akai kule Raiha ili ajisafishe. Alifyatua huku Gin na msaidizi wake Vodka wakiangalia kwa kamera. Alama: mashahidi wapo, basi tendo halithibitishi utii.

Ukishaweka alama hiyo, nenda ukasake pengo kwenye ushahidi. Maiti iliyoungua garini ilitambuliwa kuwa ya Akai kwa alama za vidole zilizolingana na zile za kwenye simu ya Conan, yule mpelelezi mdogo ambaye ni shujaa wa hadithi. Ila zilikuwa za mkono wa kulia, na Akai ni wa mashoto. Aliyeiacha alama ile ni Kusuda Rikumichi, mtu wa Shirika aliyejifanya mgonjwa hospitalini na aliyekuwa ameishika simu hiyo kabla. Akai alizipaka ncha za vidole vyake zisiache kitu. Mtunzi Aoyama Gosho aliyaweka haya mbele ya macho ya msomaji muda mrefu kabla Amuro hajayaunganisha.

Hatua ya 4: Majina ya vinywaji ni viungo, si nyama.
Ni kweli Rye, Bourbon na Scotch ni wiski zote, na wote watatu ni wapandikizwa. Inavutia. Lakini Kir si wiski na ni jasusi vilevile. Okiya Subaru, ambaye kumbe ni Akai aliyejibadili sura, naye alionyeshwa akinywa bourbon wakati tunamtafuta Bourbon; ulikuwa mtego, na wengi walinaswa mpaka treni ya Mystery Train, episodi 701 hadi 704, ilipotoa jibu.

Hatua ya 5: Pima uzito wa chanzo.
Manga kwanza. Filamu zinaweza kukupa rangi ya mhusika, ila usijenge nguzo juu yake: ile ya mwaka 2016 inawaua Stout, Aquavit na Riesling, wapelelezi wa Uingereza, Kanada na Ujerumani, na hadithi kuu inaendelea bila kuwahitaji.

Hatua ya 6: Toa utabiri unaoweza kufa.
Mfano wangu ni Vermouth. Mwajiri: Shirika, na ni kipenzi cha bosi, Karasuma Renya. Deni: Shinichi, kijana mpelelezi, na Ran, rafiki yake tangu utotoni, walimwokoa New York alipokuwa amejibadili sura kuwa muuaji. Jedwali: anajua Conan ni Shinichi aliyerudishwa utotoni, anajua msichana mdogo Haibara ni Sherry, mwanasayansi aliyelitoroka Shirika, na hajamwambia bosi. Mashahidi: ukimya huo anautunza akiwa peke yake, hakuna anayetazama, kwa hiyo una uzito. Lakini kwenye treni alikuja kumuua Sherry kwa dhati, hivyo wanaosema ni jasusi wa FBI au CIA wanamsingizia.

Utabiri: hatalisaliti Shirika kwa ajili ya polisi yeyote, ila Ran akiingia kwenye shabaha ya Gin, Vermouth ataukinga mtutu. Akimwacha Ran apigwe ilhali alikuwa na nafasi ya kuzuia, nadharia naifuta. Akionekana anapeleka taarifa kwa idara yoyote ya serikali, naifuta pia, na aliyebisha atapata haki yake ya kunicheka.