Dengu baada ya mpunga: weka haya sawa kabla hujavuna hilo jaruba

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano wa sita naulizwa swali lile lile, "mzee nimeshavuna mpunga, nitupie dengu sasa?" na jibu langu huwa linawaudhi watu maana na mimi nauliza, umevuna lini? Akiniambia wiki tatu zilizopita namwambia tulia tu ndugu yangu, hiyo mbegu kaangeni mle. Huku kwetu Kwimba, Misungwi, Magu, Maswa mpaka Shinyanga vijijini dengu hatumwagilii, hamna pampu wala mfereji, zinaota na kuzaa kwa yale maji mpunga uliyoyaacha chini ardhini basi. Ni mtungi ambao hakuna mtu wa kuujaza tena, na kila siku jua linachota.

Kwaio maandalizi ya dengu yanaanza mwezi wa kumi na moja unapochagua mbegu ya mpunga, sio siku unayofunga maksai. Ukipanda mpunga wa kukaa sana shambani unavuna mvua zimeshakata siku nyingi, hapo hata ukiomba dua udongo umeshakauka. Mimi majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo, yale ya kuweka dengu nayapanda SARO 5 inayokomaa kwenye siku 120 hivi, Supa naiweka kule kwingine ambako sina mpango wa zao la pili. Najua wali wa Supa unanukia na bei yake iko juu, lakini huwezi kuvipata vyote kwenye jaruba moja. Alafu mpunga ukishainamisha vichwa na kuanza kuwa njano toboa kingo maji yatoke, kama wiki mbili kabla ya kuvuna, ili udongo uwe umeshika unyevu lakini ng'ombe wasizame.

Sasa udongo. Sio kila jaruba ni la dengu jamani. Kama ni mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, hapo ndo kwake, unatunza maji chini na mzizi wa dengu unashuka kuyafuata hata mita nzima. Kama ni luseni, mchanga mchanga, usijisumbue. Ibambasi nayo ukiipiga jembe inalia kama sementi, mpunga unakubali kwasababu maji hayashuki lakini mzizi wa dengu hauna pa kupita. Na hata hiyo mbuga iangalie pale chini kabisa maji yanapotuama, dengu zikikaa na miguu kwenye maji zinageuka njano ndani ya siku chache na hazirudi.

Kipimo changu cha unyevu hakina hela. Nachimba kwa jembe la mkono kina cha kiganja, nachukua udongo wa kule chini sio wa juu, naufinya kwenye ngumi. Ukishikana donge na nikiliachia kutoka usawa wa kiuno likapasuka vipande viwili vitatu, napanda leo. Likibamiza chini kama ugali na kiganja kimebaki na matope, nasubiri siku mbili tatu. Likimwagika vumbi kabla hata halijafika chini narudi nyumbani. Pima sehemu nne tano za shamba, usipime pale karibu na kingo tu ukajidanganya. Na ukiona nyufa zimeanza kuingia kidole ujue umechelewa, maana zile nyufa ndo milango ya maji kutokea.

Nasema hivi kwasababu yalinikuta. Kuna mwaka nilimuazima mtu maksai wangu wiki ile ile niliyotakiwa kukatua, nikajisemea siku tano si kitu, zikawa kumi na moja. Ekari mbili zile zilitoka mbegu moja hapa nyingine hatua mbili mbele, nikavuna debe nne, ekari mbili! Jirani yangu aliyepanda kabla yangu udongo huo huo alitoa gunia saba. Tangu siku hiyo mbegu, plau, maksai na vibarua vinakuwa tayari wakati mpunga bado umesimama, na jaruba nikilivuna leo mabua yanatolewa kesho, kesho kutwa plau inaingia. Usiache maotea ya mpunga yasimame pale ukayaona mazuri ya kijani, yale yanakunywa maji ya dengu zako.

La pili kwa uzito, na hili wataalamu wengi hawaligusi, ni ng'ombe. Usukumani mpunga ukishavunwa shamba linakuwa la wote, mifugo inaachiwa, ndo desturi yetu toka enzi na hakuna anayeona kakosea. Sasa wewe peke yako katikati ya mbuga nzima una kijani, unategemea nini? Hata uweke miiba pande zote ng'ombe mia mbili watapita. Kabla hujanunua mbegu kaa na majirani wa majaruba yanayopakana, mkubaliane mpande watano sita kwa pamoja eneo moja, alafu mwende kwa mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu watangaze kwenye mkutano kwamba upande ule haupitishwi mifugo mpaka dengu zivunwe, na faini itajwe hapo hapo. Muachie na njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, ukiwafungia njia umeanzisha vita mwenyewe. Na kama jaruba umekodi hakikisha mmeelewana na mwenye shamba, wengi wanakodisha kwa msimu wa mpunga tu, ukipanda dengu bila kusema anakuja kudai nusu siku ya kupura.

Mbegu: zipo zilizotolewa rasmi hapa Tanzania 2011, Ukiriguru 1 na Mwanza 1 za punje ndogo za kahawia, Mwanza 2 na Mwangaza za punje kubwa nyeupe. Hizi za kahawia ndo nazipenda mimi. Niliwahi kuuziwa mbegu kwenye duka moja mjini, mfuko mzuri kabisa, kati ya punje mia zikaota arobaini, kwaio sa hivi simwamini mtu. Hesabu punje mia, zifunge kwenye kitambaa kibichi, uwe unakinyunyizia, siku ya saba hesabu. Chini ya 80 tafuta nyingine. Kwa ekari andaa kama kilo 30 za punje ndogo, hizi kubwa zinafika 40 au zaidi.

Usiku wa kuamkia kupanda loweka mbegu saa nne usiku, asubuhi saa kumi na mbili zitoe, zitandaze kwenye turubai kivulini zikauke juu tu zisigandane mkononi, na upande siku hiyo hiyo. Wenzetu wa Bangladesh ukanda wa Barind, ambao nao wanapanda dengu baada ya mpunga wa mvua kama sisi, walijaribu hii kwenye mashamba yao na mavuno yakapanda, kwasababu mbegu inaanza safari imeshakunywa. Zisizidi masaa nane hivi, zikilala mpaka mchana zinachacha.

Kupanda kwenyewe, acha kurusha. Kurusha ni rahisi lakini nusu ya mbegu inabaki juu kwenye ukavu na njiwa wanakushukuru. Fuata nyuma ya plau, dondosha kwenye mfereji kina cha sentimita 7 hivi, mstari mpaka mstari sentimita 30, mche na mche 10, na mfereji unaofuata uufukie huo wa kwanza hapo hapo. Katua mara moja tu. Anayerudia kupiga plau mara mbili udongo uwe laini anaanika unyevu wake mwenyewe juani. Mbolea ya kukuzia sahau. Ila kama shamba halijawahi kuona dengu tafuta ile dawa ya bakteria wa mizizi ya dengu, ya maharage au soya haiingiliani nayo, na mimea ikifika wiki ya sita ng'oa mmoja taratibu upasue vinundu vya kwenye mizizi, vikiwa vyekundu ndani vinafanya kazi.

Jirani mwenye mpunga wa kuchelewa anayepulizia dawa ya magugu ya 2,4-D mwambie mapema, upepo ukileta kidogo tu dengu zinajikunja.

Adui mkubwa ni funza wa vitumba, yule yule wa kwenye pamba. Kuanzia maua yakitoka pita kila baada ya siku tatu nne, tandika kitambaa chini ya mche utikise, ukiona vidogo vidogo vya kijani vinadondoka tibu sasa hivi, ukisubiri uone matundu kwenye maganda ameshaingia ndani na dawa haimpati. Uliza bwana shamba ipi ya kutumia na ukae siku ngapi kabla ya kuvuna. Na uvae viatu na suruali ndefu ukipita asubuhi, majani ya dengu yana chumvi chumvi yenye tindikali, ikichanganyika na umande inawasha miguu siku nzima.

Bei usiihesabie kabla. Dengu nyingi zetu zinaenda India na nchi za jirani yake, na tuliona 2017 walipobana mbaazi kuingia kwao ilivyoanguka huku. Uliza AMCOS yenu, chama cha ushirika cha wakulima, kama dengu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani msimu huo, yaani unapeleka ghalani unapewa risiti zinauzwa kwa pamoja, na wanataka unyevu gani wa punje, maana wengine wanarudishwa na gunia mgongoni kwasababu ya mchanga wa kupuria chini. Tafuta turubai. Na lumbesa, lile gunia la kujazwa mpaka linafura juu, kataa, mizani iwepo. Za kuweka ndani ziingie kwenye mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa, zikiwa zimekauka, ung'ate punje mpaka ipasuke kwa sauti kama karanga iliyokaangwa, ikibonyea chini ya jino rudisha juani.