Somo: Hesabu za dawa kwenye mtihani wa leseni ya uuguzi (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, kila mtihani wa leseni ukikaribia naulizwa kitu kilekile: "naomba fomula". Fomula mnazo tangu mwaka wa kwanza. Kinachowaangusha ni kuingiza namba kabla ya kujua mililita moja ya dawa imebeba nini. Naandika mara moja. Kuanzia leo natuma linki tu.

1. Sahihi tano: mgonjwa, dawa, dozi, njia, muda. Faili linaandikwa baada ya kutoa dawa, si kabla.

2. Vipimo vifanane kwanza. Gramu 1 ni mg 1000.

3. Dozi iliyoagizwa gawanya kwa iliyopo, zidisha kwa ujazo wake. Gentamicin mg 80 kwenye ml 2, mtoto kaandikiwa mg 60: ml 1.5. Twende.

4. Dripu: ml zidisha matone ya seti (mrija wa dripu: matone mangapi yanatimiza ml 1), gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, yaani matone 42 kwa dakika. Tone halina nusu.

5. Asilimia. Hapa tukae, maana ndipo watu wanapolia.

Chukua magnesium sulphate ya asilimia 50. Maana yake gramu 50 ndani ya ml 100, kwa hiyo ml 1 ina gramu 0.5 na ampuli ya ml 10 ina gramu 5. Andika mstari huo pembeni kabla hujagusa kitu kingine. Sasa mama ana kifafa cha mimba, anaanza na gramu 4 mshipani, ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 20. Gramu 4 ni ml 8 za ampuli. Kwa asilimia 20, gramu 4 zinatakiwa zikae kwenye ml 20 kwa jumla. Kwa hiyo maji ya sindano ni ml 12. Wengi wanamwaga maji ml 20 juu ya zile 8, na mtunzi wa mtihani anajua: hiyo 20 utaikuta kwenye majibu ya kuchagua, inakusubiri.

ONYO: dozi za kuendeleza za magnesium hazitolewi kwa mazoea. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke likigongwa, mkojo usipungue ml 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, zuia dozi. Akiacha kupumua, msaidie kupumua, na calcium gluconate gramu 1 (ml 10 za asilimia 10) mshipani, polepole.

MASWALI

Zamu ya Usiku: Mkuu, fomula ya dripu tafadhali.

Mleta somo: Namba 4.

Zamu ya Usiku: Si unitumie PDF tu? Wodini mbona tunakadiria kwa macho.

Mleta somo: Unakadiria wewe, usituingize. Panda juu usome.

Binti Mkunga: Shikamoo mkuu. Kwenye bureti ya watoto (seti ya dripu ya matone madogo) tunaambiwa ml kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Kwa nini?

Mleta somo: Marahaba. Haya ndiyo maswali ninayoyapenda. Bureti inatoa matone 60 kwa ml, na saa ina dakika 60, zinakatana. Ml 30 kwa saa, matone 30. Ukielewa hilo, seti ya 20 unagawanya ml za saa kwa 3, ya 15 kwa 4. Kikokotoo weka mfukoni.

Binti Mkunga: Na artesunate, sindano ya malaria kali? Majibu yangu ya msuli na mshipa hayafanani.

Mleta somo: Hayatakiwi kufanana. Vaili ya mg 60 inayeyushwa kwa ml 1 ya bicarbonate. Kwa mshipa ongeza saline ml 5, unapata mg 10 kwa ml. Kwa msuli ongeza ml 2, unapata mg 20 kwa ml. Mtoto wa kilo 13 anapata mg 3 kwa kilo: mg 39. Mshipani ml 4, msulini ml 2, baada ya kukadiria. Akifika kilo 20 inashuka kuwa mg 2.4 kwa kilo, na swali linapenda kukaa hapohapo kwenye 20.

Mama Wawili: Naongezea: andika 0.5, usiandike .5. Nukta ikififia mgonjwa anakula mara kumi.

Mleta somo: Umesema kweli dada. Na 5 isiwe 5.0, kwa sababu hiyohiyo.

Zamu ya Usiku: Nimesoma. Ceftriaxone (antibiotiki) iliyochanganywa na lidocaine (dawa ya ganzi), naweza kuipitisha kwenye kanula ya mshipani?

Mleta somo: Hapana. Hiyo ni ya msuli tu. Ya mshipa unachanganya na maji ya sindano, na usiipitishe pamoja na dripu ya Ringer. Calcium iliyomo inaigandisha. Ona sasa, ukisoma unauliza vizuri.